Profesa Aliyetumbukizwa Bwawani

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mjini Salisbury, mji ambao leo tunauita Harare, mhadhiri mmoja Mwingereza alikwenda na wenzake kwenye bwawa la kuogelea la Wazungu. Hakwenda kuogelea. Kundi lao lilikuwa likizunguka mjini kwenye hoteli, mikahawa na mabwawa, Waafrika kwa Wazungu pamoja, likitaka kuhudumiwa kama watu wengine ili kila mtu aone nani anakataliwa na nani anakataa. Pale bwawani, Mzungu mmoja aliyechoshwa na vituko hivyo alimsogelea mhadhiri akamsukuma. Akatumbukia na nguo zake zote.

Mhadhiri huyo ni Terence Ranger, ambaye marafiki zake walimwita Terry tu. Maisha yake yote kuanzia pale yalikuwa ya namna ile ile: anasogea ukingoni mwa siasa akisema amekuja kuangalia, kisha anajikuta majini. Tofauti ni kwamba mara nyingine hakusukumwa na mtu. Aliruka mwenyewe.

Alizaliwa London tarehe 29 Novemba 1929. Hakuna lolote katika ujana wake linaloelekeza Afrika. Alisoma Oxford, akafundisha kwa muda katika chuo cha maofisa wa jeshi la majini kule Dartmouth, na tasnifu yake ya udaktari ilimhusu Richard Boyle, bwana mmoja wa karne ya 17 aliyekwenda Ireland na kujitajirisha kwa ardhi ya wenyeji kwa njia ambazo mahakama ya leo isingezipitisha. Ukitaka kumjua mlowezi anavyofikiri, hapo ni mahali pazuri pa kuanzia, ingawa sidhani kama Ranger alilijua hilo wakati ule. Msimamizi wake alikuwa Hugh Trevor-Roper, yule yule ambaye mwaka 1963 aliwatangazia wasikilizaji wa Uingereza kwamba Afrika haina historia ya kufundishwa isipokuwa ya Wazungu waliokuja Afrika, na kwamba kilichobaki ni giza. Wakati mwalimu anasema hayo, mwanafunzi wake alikuwa ameshafukuzwa Rhodesia kwa sababu ya kujishughulisha kupita kiasi na hilo giza.

Alifika Salisbury mwaka 1957 akiwa na miaka 27, yeye na mkewe Shelagh, kufundisha historia ya Ulaya katika chuo kikuu kipya cha Rhodesia na Nyasaland. Chuo kilipokea wanafunzi wa rangi zote, lakini kilijengwa katika nchi ambayo sheria ya ardhi ya mwaka 1930 iliigawa vipande, na Mwafrika hakuruhusiwa kumiliki hata kiwanja katika kipande cha Wazungu. Mwanafunzi Mwafrika aliweza kujadili falsafa asubuhi na mwenzake Mzungu, na mchana akatolewa nje ya mkahawa ambao mwenzake huyo anakula. Ukikaa mahali kama hapo una mawili: ujizoeshe kutoona, au uone mpaka ushindwe kulala. Wazungu wengi wa Salisbury walilala vizuri kabisa.

Mwaka 1959 serikali ilitangaza hali ya hatari na kuwaweka kizuizini viongozi wa Waafrika. Ranger na mwenzake John Reed, mhadhiri wa fasihi, wakaanzisha kijarida walichokiita Dissent, maana yake upinzani wa kutokubali. Hakikuwa gazeti la kutisha kwa ukubwa wake, lakini kiliandika mambo ambayo magazeti ya walowezi yaliyapita kimya. Chama cha National Democratic Party kilipoanzishwa mwaka 1960, Ranger alijiunga. Kilipopigwa marufuku Desemba 1961 kikazaliwa ZAPU, naye akaingia ZAPU. Mzungu kuwahurumia Waafrika lilikuwa jambo linalovumilika, kwani kila mji wa kikoloni ulikuwa na wahurumiaji wake wa kunywa nao chai. Mzungu kuchukua kadi ya chama cha Waafrika na kukaa chini ya mwenyekiti Mwafrika lilikuwa jambo jingine.

Lakini silaha aliyoitoa Salisbury hakuipata kwenye mikutano ya hadhara. Aliipata ndani ya jengo la nyaraka za taifa, ambako alikaa siku nyingi akipekua majalada ya kampuni ya Cecil Rhodes: ripoti za mabwana shauri, barua za wamisionari, kumbukumbu za mashauri ya jinai. Alikuwa akitafuta habari za mwaka 1896. Mwaka huo Wandebele waliinuka mwezi Machi na Washona wakafuata mwezi Juni, wakati kampuni ilikuwa na miaka 6 tu nchini. Sababu zilikuwa nyingi na zote ziligusa zizi na jiko. Ng'ombe wa Wandebele walitwaliwa baada ya vita vya 1893. Kodi ya nyumba ya shilingi 10 ilitozwa kuanzia 1894 kwa watu wasio na shilingi, na asiye nayo alipelekwa kazini kwa nguvu. Kisha ikaja sotoka ikafagia mifugo iliyobaki, na askari wa kampuni wakawapiga risasi hata ng'ombe wazima ili kuzuia ugonjwa. Mwenye ng'ombe akasimama pembeni akitazama.

Swali lililomkaa Ranger ni hili: watu ambao kwa maelezo ya wakoloni walikuwa vijiji vilivyotawanyika, visivyo na mfalme mmoja, waliwezaje kuinuka karibu pamoja? Jibu lake, baada ya kupekua, lilikuwa dini. Aliona waganga na watu wanaopandwa na mizimu ndio waliokuwa uzi uliowashona: mahali patakatifu pa Mwari katika miamba ya Matopos, mwaguzi aliyeitwa Mkwati, na upande wa Washona watu wawili ambao mizimu yao ilijulikana kwa majina ya Kaguvi na Nehanda. Mwanamke aliyepandwa na mzimu wa Nehanda alikuwa akiitwa Charwe. Yeye na Kaguvi walinyongwa Salisbury mwezi Aprili 1898, na kumbukumbu za shauri lao zilikuwa zimekaa katika majalada kwa zaidi ya miaka 60, zikimsubiri msomaji.

Hakumaliza kusoma. Mwanzoni mwa 1963 alipewa amri ya kutovuka maili 3 kutoka nyumbani kwake, na kabla hajaizoea akafukuzwa nchini.

Mtu aliyefukuzwa angeweza kurudi Uingereza akawa shujaa mdogo wa magazeti kwa wiki mbili. Ranger alikuja Dar es Salaam. Chuo Kikuu kilikuwa bado mtoto, kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, na hakijahamia Mlimani. Idara ya Historia ilihitaji mkuu, naye akawa profesa wake wa kwanza akiwa na miaka 33. Hebu fikiria hali yenyewe: nchi ina uhuru wa miaka miwili, vitabu vya shuleni bado vinaanza na Vasco da Gama, na anayepewa kazi ya kubadilisha hayo ni Mwingereza aliyetimuliwa na Waingereza wenzake. Kuna waliocheka, na walikuwa na haki ya kucheka.

Lakini kazi ilifanyika. Oktoba 1965 wanahistoria kutoka pande nyingi za bara na nje yake walikutana Dar es Salaam, na Ranger ndiye aliyehariri kitabu cha mijadala yao. Alifanya kazi na vijana wa Kitanzania waliokuja kuishika idara wenyewe, akina Isaria Kimambo na Arnold Temu, ambao mwaka 1969 walitoa historia ya Tanzania iliyoanza na Watanzania. Mwaka 1966 akaja Walter Rodney kutoka Guyana, na baada yake Mlimani hapakuwa tena mahali pa usingizi. Katika idara hiyo hiyo, John Iliffe na Gilbert Gwassa waliwatuma wanafunzi vijijini kusini na mashariki mwa nchi mwaka 1968, wakazungumze na wazee waliokuwa hai wakati wa Maji Maji au waliosikia habari zake kwa wazazi wao. Masimulizi hayo yakatoka kwenye daftari, na mwaka uliofuata Ebrahim Hussein akatoa tamthilia ya Kinjeketile, ambayo imewatoa jasho watahiniwa wa sekondari kizazi baada ya kizazi.

Ranger mwenyewe aliandika Dar es Salaam kitabu ambacho alikuwa amekianzia kwenye majalada ya Salisbury. Revolt in Southern Rhodesia kilitoka mwaka 1967. Mwaka uliofuata akaongeza makala ndefu yenye hoja kubwa zaidi: kwamba kati ya vita vya mwanzo vya kumpinga mkoloni, kama Maji Maji na vile vya 1896, na vyama vya ukombozi vya miaka ya 1950, kuna uzi usiokatika. Kumbukumbu ya babu aliyeshika mkuki inampa nguvu mjukuu anayeshika kadi ya chama.

Sasa mjukuu alipoisoma hoja hiyo, aliichukua kwa mikono miwili. Wapigania uhuru wa Zimbabwe walipoingia kaskazini mashariki mwa nchi miaka ya 1970, waliziita baadhi ya sehemu zao za vita kwa majina ya mizimu, na mojawapo ilikuwa Nehanda. Vita vya 1896 vikaitwa Chimurenga ya kwanza, na vile vya msituni ya pili. Sisemi kwamba Ranger ndiye aliyewapa mizimu yao, maana wazee wa Washona hawakuhitaji profesa wa kuwaambia Nehanda ni nani. Alichowapa ni kile ambacho wasomi wa vyama walikihitaji sana wakati ule: uthibitisho wenye tarehe na nambari za majalada, uliochapishwa, kwamba vita vyao havikuanza jana. Leo ukienda Harare, sanamu ya Nehanda iliyozinduliwa Mei 2021 imesimama juu ya makutano ya barabara mbili, moja ina jina la Samora Machel na nyingine la Julius Nyerere. Kwa Mtanzania anayepita hapo kwa miguu ni kama kukutana na jirani ugenini.

Tatizo ni kwamba wanahistoria wenzake waliirudia njia aliyopita, jalada kwa jalada, na wakatoka na hadithi nyingine. Mwaka 1977 Julian Cobbing alionyesha kwamba makuhani wa Mwari hawakuwa na mamlaka aliyowapa Ranger katika vita vya Wandebele. Mwaka 1979 David Beach, aliyekijua Kishona na aliyezijua koo za Washona moja moja, alisema hapakuwa na njama moja: habari za vita zilisambaa kama mawimbi ya jiwe lililotupwa ziwani, na kila mtemi akaamua kwa sababu zake za pale pale. Ukiufikiria mjadala huo unaona kilichompata Ranger. Maofisa wa kampuni walikuwa na hofu, na mwenye hofu huona njama kila mahali. Waliandika katika ripoti zao kwamba nyuma ya kila kitu kuna mganga anayevuta kamba. Ranger alizisoma ripoti hizo akitafuta umoja wa Waafrika, akaukuta umeshaandikwa na maadui wao. Mkoloni aliuita ushirikina, yeye akauita uongozi, lakini kamba ilikuwa ile ile.

Hapa ndipo ninapomheshimu. Hakununa, na wala hakujificha nyuma ya uzalendo kwa kusema wanaompinga wanawadharau Waafrika, jambo ambalo miaka ile lingemletea makofi. Sehemu kubwa ya ukosoaji ule aliikubali hadharani. Hali kadhalika mwaka 1970, Donald Denoon na Adam Kuper, waliokuwa Makerere, walipoandika kwamba wanahistoria wa Dar es Salaam wamegeuka washona kanzu wa serikali mpya, alijibu kwa hoja, na ukizisoma kazi zake za baadaye unaona kwamba msumari ule ulimwingia.

Alikuwa ameondoka Dar es Salaam mwaka 1969 kwenda California, na baadaye Manchester. Lakini alibeba kitu kutoka pwani yetu, na hicho ndicho kitabu chake ninachokipenda kuliko vyote: kile cha mwaka 1975 kuhusu ngoma ya beni.

Beni ilizaliwa Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, katika miji ambayo mitaa yake ilikuwa na mashindano tangu hapo. Zamani walishindana kwa mashairi, mavazi na karamu. Ilipokuja bendi ya kijeshi ya Wazungu na matarumbeta yake, vijana waliisikiliza, wakaitia ndani ya mashindano yale ya zamani. Ikaja na gwaride, sare, vyeo vya kijeshi, makao makuu na barua rasmi kati ya matawi. Ikasambaa na askari na wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918 mpaka bara, ikavuka mipaka. Tanganyika majina makubwa yalikuwa Marini na Arinoti, Marini ikijiona ya watu wa hadhi, makarani na wenye kisomo, na Arinoti ikiwa ya watu wa chini wasiokubali kudharauliwa. Mtu aliyeshinda juani akibeba mizigo bandarini, jioni alivaa kofia ya afisa, akapigiwa saluti na mia ya wenzake.

Wakoloni walikuwa na maoni mawili. Wengine waliona ni kichekesho, nyani wanamwiga bwana. Wengine waliogopa: watu wenye matawi kila mji, wenye kadi na vyeo, wanaoandikiana barua, watashindwa nini kufanya uasi? Baadhi ya wasomi wa baada ya uhuru nao waliona haya, kana kwamba ni aibu ya familia. Ranger alikaa chini akaitazama ngoma yenyewe, nani anacheza, nani anashindana na nani, nani analipa. Aliona watu waliokuwa na shughuli zao. Hawakuwa wanamwiga Mzungu kwa sababu wanampenda, wala hawakuwa wanapanga kumpindua. Walikuwa wanashindana na mtaa wa pili, na bendi ya Mzungu ilikuwa chombo kipya cha mchezo wa kale. Kwa mtu aliyewahi kuona kila ngoma ya Afrika kuwa hatua ya kuelekea uhuru, kukiri hivyo ni safari ndefu.

Kutoka hapo kwenda kwenye makala yake iliyosomwa duniani kote ni hatua fupi. Mwaka 1983 yeye na Eric Hobsbawm walihariri kitabu The Invention of Tradition, kuhusu mila zinazodaiwa kuwa za kale kumbe zimetungwa juzi. Sura ya Ranger ilihusu Afrika. Alieleza jinsi maofisa wa kikoloni, waliotaka kutawala kwa kupitia machifu, walivyokaa na wazee na kuandika daftarini "mila na desturi za kabila". Kabla ya hapo desturi ilikuwa jambo la kubishania barazani, leo hivi kesho vile. Ilipoingia daftarini ikaganda. Na wazee waliokaa na bwana shauri hawakuwa mabubu: waliisema mila kwa namna inayowapa wao mamlaka juu ya vijana, wanaume juu ya wanawake, wenyeji juu ya wageni. Kila mara ninaposikia mtu akimnyima dada yake shamba la urithi kwa kusema "ndiyo mila yetu", namkumbuka karani wa wilaya na kalamu yake.

Na hapo pia alijirudi. Miaka kumi baadaye aliandika kwamba neno "kutunga" lilizidi, kwa sababu linamfanya mkoloni kuwa fundi na Waafrika kuwa udongo. Watu walikuwa wakiziwaza mila zao upya, wakibishana, wakichukua na kutupa.

Rhodesia ikawa Zimbabwe mwaka 1980, naye akarudi. Mwaka uliofuata alishiriki kuanzisha jumuiya ya urafiki kati ya Uingereza na Zimbabwe. Watu aliokuwa nao vyamani sasa walikuwa mawaziri, na mmoja, Robert Mugabe, alikuwa Waziri Mkuu. Alikwenda kufanya utafiti katika wilaya ya Makoni, mashariki, akatoa mwaka 1985 kitabu kuhusu wakulima na wapiganaji wa msituni. Ni kitabu kizuri. Lakini wakati kinakwenda mtamboni, upande wa magharibi, Matabeleland, kikosi cha tano cha jeshi kilikuwa kimeshaua maelfu ya raia kwa kisingizio cha kuwasaka waasi waliohusishwa na ZAPU, chama chake cha zamani. Kazi yake kubwa kuhusu eneo hilo, kitabu alichoandika na Jocelyn Alexander na JoAnn McGregor kutokana na masimulizi ya watu wa misitu ya Shangani, ilitoka mwaka 2000. Ni miaka mingi. Rafiki wa serikali huchelewa kuona, hata akiwa na macho ya Ranger.

Kuanzia 1987 alikuwa profesa Oxford, akikalia kiti cha uprofesa chenye jina la Rhodes, mtu ambaye kampuni yake iliwanyonga Nehanda na Kaguvi. Kisha akaandika kitabu kizima kuhusu vilima vya Matopos, alikozikwa Rhodes huyo huyo. Alipostaafu mwaka 1997 alikwenda kufundisha tena Chuo Kikuu cha Zimbabwe, akawepo nchi ilipoanza kupasuka: mashamba yakachukuliwa, upinzani ukapigwa, na vijana wakakusanywa makambini kufundishwa historia.

Historia hiyo aliitambua. Ilikuwa na Nehanda, ilikuwa na uzi usiokatika kutoka 1896. Mwaka 2004 aliandika makala akiiita historia ya kizalendo, na akaitenganisha na ile ya akina yeye wa miaka ya 1960. Ile ya zamani ilikuwa na nafasi ya wapiganaji na pia ya walimu, wahubiri, wafanyakazi wa viwandani, watu wa mjini waliotaka kusoma na kuendelea. Hii mpya ilibakiza mpiganaji peke yake, ikawagawa raia kuwa wazalendo na wasaliti, na mwanahistoria anayeuliza swali akawekwa upande wa pili. Hakudai kwamba mikono yake ni safi. Alijua kwamba ametokea katika mlango ule ule.

Alifariki Oxford tarehe 3 Januari 2015. Katika miaka yake ya mwisho, pamoja na vitabu, alikuwa na kazi nyingine aliyoifanya kwa kujitolea. Wazimbabwe waliokimbilia Uingereza walifikishwa mbele ya mahakimu wa uhamiaji, na mawakili wao walihitaji shahidi mtaalamu. Mzee Ranger, aliyefukuzwa Salisbury mwaka 1963, alikaa mezani akaandika taarifa moja baada ya nyingine kwa mahakimu wa Kiingereza, akieleza kwa tarehe na kwa majina ya wilaya kwa nini mtu huyu asirudishwe Harare.